Kusali nyumbani kwenye kiwanja cha makazi, Gungu

Pole dada yangu. Umeuliza kama mwenyekiti wa mtaa anaweza kukuzuia kusali na wenzako sebuleni, hapo Gungu, kwa kuwa kiwanja ni cha makazi. Kusali kwenyewe hawezi. Ibara ya 19 ya Katiba inakulinda. Lakini hayo uliyoyataja, turubai la kudumu uani na spika kila jioni, ni jambo jingine: hapo nyumba imegeuka kanisa, na Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inataka kibali cha kubadili matumizi. Kaombe kwa maandishi kwa ofisa mipango miji, Manispaa ya Kigoma Ujiji. Spika zizime leo hii, tafadhali. Jirani mwenye mtoto mchanga ana haki ya kulala. Na hilo katazo la mwenyekiti, mwombe akupe kwa barua.