Msomaji Aliyenivua Nguo kwa Swali Moja

Wiki iliyopita nimefuta makala yangu iliyosomwa kuliko zote. Imeniuma, sitaficha. Ni ile ya Ziwa Natron, kaskazini mwa Tanzania, niliyoipa jina "Ziwa Linalogeuza Wanyama Kuwa Mawe". Niliandika kwamba ndege akitia mguu tu majini, kwisha habari yake, anabaki sanamu. Picha nilikuwa nazo: popo na heroe wagumu, weupe, wametulia kama walio hai. Nani angebisha?

Msomaji mmoja hakubisha. Aliuliza tu: "Ndugu mwandishi, na heroe wanaotaga mayai humo kwa maelfu, wao wana dawa gani?"

Nilimjibu kwa jeuri. Nilimwambia akasome. Usiku nikaenda kusoma mimi.

Kumbe wanyama wale walikufa kwanza, magadi yakaikausha mizoga yao baadaye. Mpiga picha aliiokota ufukweni na kuipanga kwa mkono wake. Maji yenyewe ni makali kweli, yanaunguza ngozi na macho ya asiyeyazoea. Lakini heroe wa ile aina ndogo wa Afrika Mashariki karibu wote huzaliwa hapo hapo, maana ukali huohuo huwaweka maadui mbali na vifaranga. Na miguu ya heroe ina magamba magumu. Na jirani tu pana Ol Doinyo Lengai, volkano hai pekee inayojulikana duniani kutema lava ya kabonati, yaani chumvi za jamii ya magadi: nyeusi, nyepesi kama mafuta machafu ya injini, joto lake nyuzi za Selsiasi 500 na ushee, karibu nusu ya lava za kawaida. Ikipata unyevu inageuka nyeupe. Chumvi za miamba ya volkano ya eneo lile ndizo zinazosombwa hadi ziwani.

Sasa niambie, uongo wangu ulikuwa na kipi cha kuyashinda hayo?

Najua nawe unataka makala yako izunguke simu za watu. Basi hakiki. Ukisikia mahali "hapakaliki", uliza kwanza nani anaishi hapo. Picha ikikutoa macho, uliza nani aliipiga na aligusa nini. Kisha hakiki tena. Wengi mnaandika maajabu kwa kunakiliana, na mimi nilikuwa kinara wenu, kwa hiyo msinikasirikie nikisema ni uvivu.

Safari hii nimeandika juu ya mawe yanayotembea ya Death Valley, bonde la jangwa huko Marekani. Yanaacha mikwaruzo mirefu juu ya tope kavu, na kwa miaka mingi watu walitaja mapepo na sumaku. Watafiti waliweka hapo mawe yaliyofungwa vifaa vya GPS, na Desemba 2013 wakashuhudia mawe yakienda kwa macho yao. Maji machache huganda usiku, barafu nyembamba ya milimita chache hupasuka jua likipanda, upepo wa kawaida tu huzisukuma bamba zake, nazo huyasukuma mawe polepole, mita chache kwa dakika. Matokeo yalichapishwa 2014. Sikuongeza chumvi hata punje.

Kabla ya kuichapisha nilimtumia yule msomaji. Niliomba radhi kwa mistari miwili, nikaambatisha makala. Siku tatu kimya. Jana akajibu: "Mawe sawa. Ila picha ya juu umeigeuza, kivuli kiko upande mwingine."

Nimeangalia. Kweli.