Kipimo kimesema mbegu sifuri: nitoe pesa ya ufuta?

SWALI: Daktari, nina miaka 36, mke wangu 31, tunaishi Kilwa Masoko. Ndoa ina miaka minne, mtoto bado. Yeye kapimwa, yuko salama. Kipimo changu cha shahawa kilitoa mililita 3, mbegu sifuri. Zamani nilipasuliwa mabusha pande zote mbili. Rafiki anasema twende Dar es Salaam, mke awekewe mbegu zangu kwa mrija, gharama yake si kubwa. Nitoe pesa ya ufuta?

JIBU: Kwa hilo, usitoe. Kuwekewa kwa mrija, yaani IUI, kunahitaji mbegu zinazoogelea. Kliniki nyingi hupenda zipatikane angalau milioni 5 baada ya shahawa kusafishwa. Kwako haijaonekana hata moja, hivyo hakuna cha kuweka.

Ila sifuri kwenye shahawa haina maana kwamba korodani hazitengenezi mbegu. Nyuma ya kila korodani kuna epididimisi, kijirija chembamba mno kilichojikunjakunja, na mbegu zote hupita humo. Upasuaji wa mabusha unaweza kukijeruhi kikaziba. Maji ya shahawa hutoka kwenye tezi za mbele zaidi, ndiyo maana ujazo wako ni wa kawaida. Mimi naushuku upasuaji ule, ingawa kushuku hakutoshi.

Rudia kipimo, baada ya siku 2 hadi 7 bila kumwaga. Sisitiza sampuli izungushwe kwenye mashine na mashapo yaangaliwe kwa hadubini. Mbegu chache hufichama humo. Kisha daktari azipapase korodani, upimwe na FSH, homoni inayochochea korodani kutengeneza mbegu. Anzia Hospitali ya Sokoine, Lindi, uulize kipi kinapatikana.

Korodani zikiwa na ukubwa wa kawaida na FSH haijapanda, kuziba ndiko kunakoelekea kuwa sababu. Hapo mbegu huvutwa kwa sindano kutoka epididimisi au korodani, kisha moja hudungwa ndani ya kila yai maabara. Hiyo ni ICSI; watoto wa kwanza wa njia hii waliripotiwa Brussels mwaka 1992. Mzigo mkubwa unamwangukia mke: sindano za kukuza mayai kwa takriban siku 10, kisha mayai kutolewa. Ni ghali, na kila jaribio hulipiwa upya, mimba ishike isishike.

FSH ikiwa juu na korodani ndogo, uzalishaji wenyewe umedhoofu. Pimeni vinasaba kwanza. Kwa upasuaji wa korodani chini ya hadubini mbegu hupatikana kwa takriban nusu ya wanaume hao, basi.

Halafu hizi sindano za testosteroni zinazouzwa kama za kuongeza nguvu: zinasimamisha utengenezaji wa mbegu. Kama unachoma, mwambie daktari kabla ya kipimo, maana hata ukiacha, mbegu huchukua miezi kadhaa kurudi, wakati mwingine zaidi ya mwaka. Karatasi za upasuaji ule, kama zipo, nenda nazo.