Kwa mafundi wapya wa maboksi ya sola: hesabu kwanza, duka baadaye

Wadogo zangu, kazi ya kuunda sola ya kubeba naipenda kuliko kazi nyingine yoyote ya umeme, na nyinyi nawapenda. Lakini nimechoka kufungua maboksi yaleyale. Juzi nimeletewa tena: paneli ya wati 100, betri ya gari, inveta ya wati 1000 (ile inayogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani), na kati yake waya wa spika. Aliyeliunga anazijua volti na ampea vizuri tu. Alichokosea ni kuanzia dukani. Someni haya kabla hamjapanda daladala ya Kariakoo.

1. Muulize mteja anatumia nini na kwa saa ngapi, halafu mwache aongee. Kinyozi atakutajia mashine: wati 15 kwa saa 6, wati-saa 90. Taa mbili za wati 5 kwa saa 4, wati-saa 40. Spika hataitaja mpaka umchokonoe, kumbe spika ya wati 30 ikiimba saa 8 inakula 240, kuliko vyote vingine vikijumlishwa. Jumla 370. Ongeza robo kwa kinachopotea kwenye inveta na waya, unafika kama 460. Gawa kwa saa 4 za jua la uhakika: paneli isipungue wati 115, kwa hiyo chukua ya 150 upumue siku za mawingu. Betri ya risasi ya volti 12, Ah (ampea-saa) 100, ina wati-saa 1200, lakini za kutumia hesabu nusu, 600. Ndiyo hesabu yote hiyo, inaenea nyuma ya risiti.

2. Betri ya gari ni ya gari. Hapa nakaa, kwa sababu hili nililifanya mimi na limemuumiza mtu.

Alikuwa kinyozi wa minadani huku Dodoma, anafunga kila kitu kwenye bodaboda na kufuata minada. Hela ya boksi aliitoa kwenye kikoba. Siku naenda kununua, duka halikuwa na betri ya sola ya ukubwa ule, na mimi nilikuwa na haraka. Nikachukua N70 ya gari, nikajiambia volti 12 ni volti 12. Inveta nikaibana moja kwa moja kwenye vichwa vya betri, nikamwelekeza: ikipiga kelele, zima.

Alifuata neno langu kama lilivyo, na neno langu ndilo lililoiua betri. Inveta nyingi za bei ya kawaida hupiga kelele betri ikishashuka karibu volti 11, na hukata kwenye 10.5. Betri ya risasi iliyotulia ikisoma 12.2 tayari imebaki nusu. Kila jioni alikuwa anaikomba mpaka chini, analala nayo tupu, na salfeti, ule uchumvi mweupe, inaganda kwenye sahani za risasi zilizo ndani. Sahani za betri ya gari ni nyembamba, zimetengenezwa zitoe moto mkubwa kwa sekunde chache za kuwasha injini, kisha oltaneta, jenereta ya gari, izijaze papo hapo. Kuzimaliza kila siku ni kuziua.

Alirudi akilalamika. Nikapima, mita ikasoma 12.6. Nikamwambia betri ni nzima, kafute vumbi kwenye paneli. Akaondoka ananiamini. Mara ya pili alikuja amenyong'onyea: mashine ilizima mteja akiwa amenyolewa upande mmoja, watu wamemzunguka wanacheka, ikabidi aazime mkasi kwa fundi cherehani. Safari hii niliacha mita imeshikilia vichwa vya betri, nikamwambia awashe mashine na spika. 12.6 ikaporomoka mbele ya macho yetu mpaka 9 na kitu. Ubavu wa betri ulikuwa umevimba, na mara ya kwanza sikuupapasa hata kwa kidole.

Hakugomba. Aliuliza tu: "Sasa fundi, rejesho la kikoba nalipaje?" Betri mpya niliinunua mimi. Siku zake za mnada zilizopotea sikuwa na namna ya kuzirudisha.

Kwa hiyo: pima betri ikiwa na mzigo, siyo ikiwa imelala. Kama inveta inakubali kupangwa volti ya kukata, usiiache kwenye 10.5. Taa na simu zipitishe kwenye kontrola, kile kifaa cha kati ya paneli na betri kinachosimamia chaji, ijikatie yenyewe. Na duka likikosa betri sahihi, mwambie mteja asubiri.

3. Betri ya lithiamu ikiwezekana, ila uliza ni ipi. Ya fosfeti ya chuma ina seli nne za volti 3.2, jumla 12.8, na unaweza kutumia asilimia 80 au zaidi bila kuiumiza. Kontrola iwe na mpangilio wake, ichaji kati ya volti 14.2 na 14.6.

4. Waya. Inveta ya wati 500 kwenye volti 12 inavuta zaidi ya ampea 40. Waya wa milimita za mraba 2.5 ni wa soketi za nyumbani, hapa utageuka hita. Weka wa 16, mfupi. Fyuzi ikae jirani kabisa na kichwa chanya cha betri. Na tafadhali, acheni kuweka swichi za sakiti za umeme wa TANESCO (AC) upande wa betri: moto wa DC, yaani wa betri na paneli, hauna mahali unapopita sifuri, cheche ikianza haikatiki kirahisi.

5. Unapounga kontrola, betri kwanza, paneli baadaye. Unapofungua, paneli itangulie.

6. Msisome stika, pimeni. Mita moja ya mraba ya paneli nzuri hutoa kama wati 200 jua likiwa kali. Iliyoandikwa 300 na inaingia kwenye begi la shule ni uongo. Betri ya risasi ya Ah 100 isiyokaribia kilo 25 irudisheni. Na pawabenki ya mAh 80,000 zidisheni kwa volti 3.7 kabla hamjashangilia: ni wati-saa 296 tu, hazifiki hata 370 za kinyozi wetu.

7. Paneli juani, boksi kivulini. Kamba ya turubai ikipitisha kivuli juu ya paneli, uzalishaji unashuka kuliko ukubwa wa hicho kivuli, kwa sababu seli zimepangwa kwa mfululizo.

8. Kabla ya kukabidhi, liwashe boksi na mzigo wote jioni nzima hapo kwako. Kisha ndani ya kifuniko bandika karatasi: vinavyoruhusiwa, na visivyoruhusiwa, pasi na jagi la kuchemshia maji vikiwa vya kwanza. Chini yake andika namba yako ya simu, kwa wino usiofutika.