Fungueni hizo shoki, wadogo zangu

Juzi nimewafuata kwa baiskeli mpaka Monduli Juu. Nilikaa nyuma kwa makusudi, nikanyamaza mpaka taya zikaniuma. Baiskeli zenu za mlimani ni nzuri kuliko zote tulizowahi kupanda sisi: fremu za kaboni, shoki mbele na nyuma, magurudumu ya inchi 29, swichi ya lokauti (ya kuifunga shoki isicheze) kwenye usukani. Na karibu wote mmeifunga hiyo shoki tangu tunaacha lami mpaka kule kwenye mawe na mizizi. Nilipomuuliza mmoja, akanijibu bila kugeuka: "Kaka, ikiwa wazi inakula nguvu." Wakati huohuo tairi lake la nyuma linaruka, linakwaruza, linazunguka bure kwenye changarawe, yeye anakanyaga na baiskeli haiendi. Hapo ndipo nguvu ilipokuwa inaliwa, mdogo wangu.

Mlimani hamsikilizi mtu, mnasikiliza Strava, ile programu ya simu inayorekodi mwendo. Basi nimeandika.

1. Baiskeli inayokutikisa si lazima iwe inakimbia

Wengi mmetoka kwenye baiskeli ya shoki ya mbele tu. Ile ina kelele: kila jiwe linapanda kwenye kiti, mgongo unalia, nawe unaamini unapaa. Ukihamia kwenye ya shoki mbili kelele zinaisha, na siku za mwanzo utadhani mwendo umepungua. Angalia saa, usiyaulize makalio. Gurudumu lililogusa ardhi ndilo linalosukuma, lililo hewani linapamba tu.

Na msiniambie haya ni mambo ya wazee wapenda starehe. Olimpiki ya London 2012, mbio za baiskeli za mlimani, Jaroslav Kulhavý alimpita Nino Schurter mwishoni kabisa na kushinda kwa sekunde moja. Kulhavý alikuwa juu ya Specialized Epic ya shoki mbili, Schurter juu ya Scott ya shoki ya mbele tu. (Mbio hizohizo alikuwemo jirani yetu Adrien Niyonshuti wa Rwanda, akamaliza wa 39, na ninyi mnalalamika kwamba Monduli ni mbali.) Miaka minne baadaye, Rio, Schurter akachukua dhahabu juu ya Scott Spark, shoki mbili. Tangu hapo mwelekeo ni mmoja. Safari ya milimita 100 nyuma, yaani gurudumu linavyoweza kupanda na kushuka, ilionekana nyingi kwa mbio, leo Epic na Spark za mbio zina 120. Hata Trek, waliotoa Supercaliber yenye milimita 60 nyuma mwaka 2019, wameipandisha mpaka 80. Kama safari ya shoki ingekuwa inakula nguvu namna mnavyosema, watu wanaolipwa kwa kushinda wangeipunguza kila mwaka.

2. Pima sagi, yaani shoki inavyozama kwa uzito wako, ukiwa umevaa kila kitu

Viatu, helmeti, mkoba wa maji uliojaa. Jiegemeze ukutani, kaa kwenye kiti, mwenzako asukume ile pete ya mpira iliyo kwenye chuma cha shoki mpaka kwenye sili, shuka taratibu bila kudunda, pima. Kwa shoki ambayo chuma chake chenyewe (si gurudumu) huzama milimita 45, nataka kuona 9 mpaka 11.

Sasa hiyo pete nitaisimulia vizuri, maana imenigharimu mtulinga.

Baiskeli yangu ya kwanza ya shoki mbili niliinunua mtumba kwa mzungu aliyekuwa anarudi kwao. Nilipoikalia, nyuma ikazama kidogo, na roho yangu ikazama nayo. Miaka yote nilikuwa nimepanda kitu kigumu. Nikaongeza upepo. Nikasimama kwenye pedeli, ikachezacheza, nikaongeza tena. Kila nikiongeza naona "inaitika". Nikaendelea hivyo mpaka ukiibonyeza kwa mkono haishuki, nikasema sasa hii ndiyo baiskeli ya mbio. Kijana mmoja wa klabu, mdogo kwangu, akaniuliza sagi ni ngapi. Nikamjibu kwamba mimi mkanyagaji, si mtalii. Watu wakacheka, nikajiona nimesema.

Tukaenda Lushoto kwenye mbio ndogo za vilabu. Kupanda kuelekea msitu wa Magamba nilianza mbele, na palipokuwa na udongo mkavu uliolala vizuri nilikwenda kweli. Tulipoingia kwenye mizizi, mambo yakageuka. Nikisimama, tairi la nyuma linateleza. Nikikaa, kiti kinanirusha na miguu inapoteza mzunguko. Wakaanza kunipita watu niliokuwa nawatania mazoezini, mmoja wao akiimba. Akiimba! Nikaanza kuitukana ile baiskeli kwa sauti, kwa lugha zote ninazozijua.

Nikajipa moyo kwamba nitafidia kwenye mteremko. Kuna mahali njia inakata kushoto, udongo mwekundu, halafu mizizi mitatu mfululizo, minene na imelowa. Wa kwanza ukarusha gurudumu la nyuma juu. Wa pili ukanikuta sijatua bado. Ribaundi, kile kirekebishi cha kasi ya shoki kurudi juu, nilikuwa nimeiacha wazi kabisa, eti iwe "hai", kwa hiyo ile shoki ngumu ilinirudishia kila pigo lote, bila kubakiza. Wa tatu sikuuona. Nilikuwa tayari napita juu ya usukani. Mtulinga niliusikia kabla ya maumivu, mlio mdogo mkavu chini ya sikio. Nilipojaribu kuinuka, bega moja lilikuwa chini kuliko jingine.

Hadi hapo ni ajali tu, na ajali humpata kila mtu. Aibu ilianza nyumbani. Mkono umefungwa kwenye kitambaa, na kila aliyekuja kunipa pole nilimwambia kwamba baiskeli ni mbovu, jiometri ya ajabu, yule mzungu amenipiga. Nikatangaza naiuza. Jioni moja akaja fundi wetu, mzee ambaye maisha yake yote ametengeneza Phoenix na baiskeli za kubebea mkaa. Shoki ya nyuma hajawahi kumiliki. Baiskeli ilikuwa ukutani na vumbi lake la Magamba. Akainama, akaigusa ile pete kwa ukucha.

"Hii inatembea mpaka wapi?"

"Mpaka mwisho wa chuma, mzee."

"Mbona imeishia katikati?"

Nikanyamaza.

"Si ndipo ulipoiacha siku ile?"

Ndipo. Mizizi yote ile, mteremko wote ule, mpaka kuvunjika, pete ilikuwa imefika nusu ya safari. Nusu nyingine niliilipia, nikaibeba mgongoni mwa mlima mzima, wala sikuitumia hata milimita moja.

"Basi wewe una nusu shoki," mzee akasema, akarudi kwenye chai yake na andazi.

Tangazo nikalifuta usiku uleule, lakini sikumwambia mtu kwa nini. Nilipopona tukatoa upepo, tukapima upya nikiwa na mkoba mgongoni, na nikaenda njia yangu ya kawaida ya mazoezi. Nilikuwa na uhakika ninatambaa. Kiti kimya, gurudumu la nyuma linapita juu ya mawe bila kunishtua, kwenye kupanda linang'ang'ania ardhi hata ninapochoka na kukanyaga vibaya. Nilipofika nikakuta muda wangu bora. Pete ilikuwa imebakiza milimita chache kufika mwisho, kwa sababu ya shimo moja kubwa nililolikosea. Hapo ndipo inapotakiwa: pigo kubwa la siku liifikishe karibu na mwisho. Ikigonga mwisho kila dakika, ongeza upepo. Isipofika theluthi mbili kwenye njia mbaya, punguza, na usinijibu kwamba wewe ni mkanyagaji.

Kwa hiyo nikiwaona mnaongeza upepo psi 20 eti "leo ni mbio", mtulinga unaniwasha.

3. Ribaundi inafuata upepo

Umeongeza upepo, funga ribaundi klik moja au mbili; umepunguza, fungua.

4. Pampu ya shoki si kipimajoto

Kuna mmoja wenu, simtaji, lakini helmeti yake ni ya njano, aliyepima upepo wa shoki asubuhi nzima akilalamika kwamba inavuja. Haikuwa inavuja. Kila unapoifunga pampu, mpira wake unakunywa hewa ya shoki ili ujae, kwa hiyo geji lazima isome pungufu kuliko ulivyoacha jana. Na ule mlio unaousikia ukifungua ni hewa ya kwenye mpira, shoki imeshajifunga zamani. Ukijaza kutoka sifuri, fika nusu ya lengo, bonyeza shoki taratibu kama mara kumi ili hewa igawane na chemba ya pili, kisha umalizie. Asiyefanya hivyo hujaza, hupanda, halafu hushangaa shoki "imebadilika" njiani. Haijabadilika, ndiyo kwanza imegawana.

5. Upepo wa tairi na mwinuko

Mnaotoka Tanga kuja Usambara nisikilizeni. Tyubulesi (tairi lisilo na mpira wa ndani) uliyoipima psi 20 pwani, ukifika nayo mita 1,900 geji itasoma karibu 23 bila mtu kugusa valvu, kwa sababu hewa ya nje imepungua uzito. Baridi ya kule itarudisha sehemu yake, si yote. Psi tatu kwenye tairi la mbio ni tofauti ya kushika na kuteleza. Pimeni upya mahali pa kuanzia. Kwenye shoki yenye psi 180 hizo tatu ni za kupuuza. Na dawa ya kuziba matundu ndani ya tairi hukauka haraka kwenye joto letu: tikisa gurudumu sikioni, usiposikia kimiminika kikicheza, ongeza.

6. Lokauti ina kazi zake

Lami, na mita za mwisho mkigombania nafasi. Kwingine ibaki wazi. Kwenye kupanda penye mizizi kaa kwenye kiti, weka gia nyepesi, zungusha mguu mviringo. Baiskeli huchezacheza zaidi kwa mtu anayesimama na kupiga pedeli kwa hasira. Ile gia ya meno 52 haikuwekwa nyuma kwa ajili ya picha.

7. Breki kabla ya mawe, uachie juu ya mawe.

8. Usafi

Msipeleke baiskeli kuoshwa kwa mashine ya magari. Nimefungua beringi za pivoti (viungo vya fremu vinavyocheza) za kijana mmoja anayejisifu kwa usafi: grisi hakuna, maji ya kutu yamejaa, na yeye analalamikia mlio wa fremu. Maji yenye presha hupenya sili na kutoa grisi nje. Ndoo, sabuni, sponji, mpira wa maji wa bustani, inatosha. Bolti za pivoti zikazwe kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, kwa namba iliyoandikwa kwenye fremu au kitabu chake, maana "kidogo tu na alenki" ndiyo iliyopasua kaboni nyingi.

Na nani aliwafundisha kupaka oili chafu kwenye chuma cha foki, shoki ya mbele? Najua, ni kwenye pikipiki. Vumbi la Monduli ni laini, likikutana na oili linageuka msasa na kuingia ndani ya sili pamoja na chuma kila kinapozama. Futeni kwa kitambaa kikavu safi kabla ya kupanda na baada ya kurudi. RockShox, watengenezaji wa shoki, wanataka kopo la hewa la shoki lifunguliwe na kusafishwa kila saa 50 za kupanda. Ukipanda vumbini kama sisi, saa 50 ni ukarimu, usizipitishe.

9. Baiskeli kwenye buti la basi

Mkitoa magurudumu, wekeni kipande cha kadibodi kati ya pedi za breki. Kondakta ataminya wenzo wa breki, hilo halina mjadala, atauminya akiivuta baiskeli, pistoni zitatoka, pedi zitagusana, nanyi mtafika mmeinama na bisibisi wakati wenzenu wanapasha misuli. Mkirudi kutoka Lushoto simameni wenyewe pembeni ya buti mpaka lifungwe. Baiskeli ya kwangu iliwahi kusafiri chini ya magunia ya kabeji, na nilipomlalamikia kondakta akaniambia, kwa upole kabisa, kwamba kabeji zimelipiwa.

Sagi za kila mmoja wenu nitazipima Alhamisi jioni, kabla hatujaenda popote. Njooni na mikoba imejaa maji. Na aliyeondoka na pampu yangu nyekundu ya shoki, aje nayo.