Kabla hujanunua EFI, fungua tangi

MASWALI YENU KWA FUNDI

SWALI: Shikamoo Fundi. Mimi ni mkulima wa viazi hapa Njombe. Marehemu baba aliniachia pikapu Land Cruiser FJ45 ya mwaka 1981, injini ya petroli 2F, ya kabureta. Likiwa Dar au Morogoro gari linatembea vizuri, lakini likishapanda Kitonga linaanza moshi mweusi, na huku kwetu plagi zinakuwa nyeusi kama sufuria la kuni. Nikipandisha kilima cha shamba na magunia nyuma, linazima. Nikilisimamisha juani baada ya mwendo mrefu, kuliwasha tena ni kazi. Lita moja inanipeleka kilomita nne, siku mbaya tatu. Nimeona vifaa vya EFI (mfumo wa kupuliza petroli unaoongozwa na kompyuta) vya kufunga palepale pa kabureta, vinaagizwa kutoka Marekani. Mafundi wa hapa wananiambia niitupe 2F niweke injini ya dizeli ya Toyota, 1HZ. Injini ya baba sitaki kuitoa. Nifanye nini? – Msomaji, Njombe.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Pole sana kwa kuondokewa na mzee. Ungekuwa karibu ningekuomba ulilete tu nilisikilize, maana barua yako ina magonjwa matatu ndani yake, na kila moja lina chanzo chake.

Moshi mweusi unatokana na mlima. Kabureta inapima petroli kwa jeti, yaani vitundu vilivyotobolewa kiwandani kwa kipimo kimoja. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya bahari, na presha ya hewa huko imepungua kama moja ya tano ukilinganisha na Dar. Hewa inayoingia kwenye silinda ni pungufu, ila petroli inayonyonywa kwenye jeti haipungui kwa kiasi hicho, kwa hiyo injini inalishwa kupita uwezo wake wa kuchoma. Ndiyo maana ukishuka Ruaha Mbuyuni gari linapona lenyewe.

Kuzima kilimani mara nyingi ni boya. Ndani ya kabureta kuna bakuli la petroli na boya linaloelea. Gari likiinama sana, petroli inakimbilia upande mmoja: ama jeti inakosa, ama petroli inamwagikia ndani na kuizamisha injini. Na hili la kugoma ikiwa na joto, wenye 2F wote wanalijua. Kwenye injini hii manifodi ya hewa (mabomba yanayoingiza hewa kwenye silinda) na manifodi ya eksozi (yanayotoa moshi) zimefungwa upande mmoja, kabureta imekaa juu ya moto. Ukizima, joto linapanda na petroli inachemka ndani ya bakuli. Toyota wenyewe waliliona hili, ndiyo maana kwenye FJ60, Land Cruiser nyingine yenye injini hii, waliweka kifeni kidogo cha kuipooza kabureta.

EFI inayatibu yote matatu. Sensa inapima presha ya hewa iliyomo kwenye manifodi, kontroli boksi, yaani kompyuta yake, inapima petroli kulingana na hewa ya mahali ulipo, iwe Kariakoo au Kitulo. Bakuli hakuna, boya hakuna, na petroli inayozunguka kwa presha kubwa haichemki kirahisi. Kwa hiyo hujakosea kuitamani. Ninachokuomba ni kwamba hela ya kwanza isiende kwenye kifaa.

Nikueleze yaliyonikuta. Kuna mteja wangu wa Mafinga anayesomba mbao, ana FJ60 yenye 2F kama yako. Alileta kifaa cha namna hiyohiyo: throto (mlango wa hewa wa injini) yenye nozeli (vipulizia petroli) ndani yake, kontroli boksi imebandikwa ubavuni, na sensa ya oksijeni ya kuchomelea kwenye bomba la eksozi. Nilikifunga kwa siku tatu. Gari liliwaka kwa swichi ya kwanza na kukamata sailensi (kunguruma taratibu bila kukanyaga mafuta) pale pale, tukapeana mikono. Baada ya wiki akanipigia: “Fundi, linakunywa kuliko lilivyokuwa na kabureta.” Nilisafiri mpaka kwake. Nikapima presha ya mafuta, ipo sawa. Nikasafisha waya zote za athi. Nikabadilisha plagi. Siku mbili nzima, na gari linaendelea kunuka petroli.

Siku ya tatu nilifika alfajiri kabla hajaliwasha. Nikaliwasha mwenyewe na kuinamisha sikio kwenye ubavu wa injini: tik, tik, tik, tik. Dakika tano baadaye, injini iliposhika moto, mlio ukapotea. Nikazima, nikamulika tochi, na pale gasketi ya manifodi ya eksozi inapokutana na silinda ya sita nikaona mstari wa masizi, mwembamba kama uliochorwa na penseli. Basi. Manifodi ilikuwa imepinda. Katikati ya mpigo na mpigo, ule mwanya ulikuwa unanyonya hewa safi ya nje na kuipeleka kwenye sensa. Sensa inaona oksijeni nyingi, kontroli boksi inadhani injini ina njaa, inaongeza petroli. Na kadiri inavyoongeza, mwanya unaendelea kuidanganya. Tulifungua manifodi, fundi wa mashine akaisawazisha uso, tukaweka gasketi mpya. Gari lile leo linakwenda kilomita tano na kidogo kwa lita, likiwa na mzigo. Usitarajie zaidi sana ya hapo, mwanangu. Hiyo ni injini ya sentimita za ujazo 4,230, inasukuma gari lenye umbo la kabati.

Kwa hiyo kesho asubuhi, kabla ya chai, sikiliza eksozi yako ikiwa baridi. Kisha pima kompresheni (mgandamizo wa hewa) ya silinda zote sita, injini ikiwa ya moto, plagi zote zimetolewa na throto imefunguliwa. Kwenye usawa wa bahari 2F nzima husoma karibu psi 150 (psi ni kipimo cha presha). Njombe geji itasoma chini ya hapo kwa sababu ya hewa hiyohiyo nyepesi, kwa hiyo usikubali fundi akutishe kwamba ringi zimekwisha. Angalia tofauti. Silinda zikipishana kwa zaidi ya psi 15, shughulikia injini kwanza. Nozeli haiponyi valvu iliyoungua.

Angalia pia ekseli ya throto kwenye hiyo kabureta ya zamani na gasketi iliyo chini yake. Injini ikiwa baridi na ipo sailensi, nyunyizia maji kidogo kwa chupa ya kunyunyizia kuzunguka viungo vya manifodi ya hewa. Mlio ukibadilika, hewa inaibiwa hapo. Nimeshaona watu wawili walioamini kabureta imekufa, kumbe ni mpira wa vakyumu uliopasuka na platini (swichi ya cheche ndani ya distribyuta) zilizoungua.

Sasa tangi, na hapa ndipo ninaposisitiza. Pampu yako ya zamani, ile inayoendeshwa na kemshafti, inatoa kama psi 4. Vifaa hivi vya Marekani vingi vinataka psi 58, zaidi ya mara kumi. Tangi la mwaka 1981 lina kutu, na kutu ambayo kabureta iliimeza miaka yote itaziba nozeli ndani ya siku moja. Lishushe, lioshwe mpaka ndani, na kama limetoboka usimruhusu mtu alichomelee kabla halijaoshwa kabisa na mvuke wote kutoka. Weka chujio la matundu makubwa kabla ya pampu na la matundu madogo baada yake.

Jambo ambalo wauzaji hawalisemi: kabureta, pamoja na ubaya wake, ina akiba. Lile bakuli linakupa sekunde kadhaa pampu ikinyonya hewa. EFI haina. Tangi likiwa robo na gari limeinama kwenye kilima chako cha shamba, pampu ikivuta hewa mara moja tu injini inakatika, na utaniandikia kwamba EFI ni mbovu kuliko kabureta. Dawa yake ni tangi dogo la lita moja au mbili kati ya tangi kubwa na pampu ya presha. Pampu ndogo ya presha ya chini inalijaza muda wote, pampu kubwa inanyonya chini yake, na petroli inayorudi kutoka kwenye injini inaangukia humohumo. Kwa gari la shamba mimi silifungi bila hilo tangi dogo.

Mipira ya mafuta usinunue kwa macho. Soma maandishi ubavuni: 30R9 ndiyo ya EFI, 30R7 ni ya kabureta. Na zile klipu zenye matundu zinazokata mpira zitupe, tumia za mkanda laini. Mwaka wangu wa kwanza wa kazi hizi niliacha kipande cha mpira wa zamani, urefu wa kiganja, kwa sababu kilionekana kizima. Kilipasuka barabarani karibu na Mikumi. Petroli ilitoka kama ukungu na kutua juu ya eksozi, na kilichotuokoa ni kwamba dereva alinusa na kuzima haraka. Mpaka leo nikiinua boneti ya gari la EFI naangalia mipira kwanza. Nunua pia ile swichi inayokata umeme wa pampu gari likigongwa, zinapatikana kwenye magari yanayokatwa spea.

Umeme ndio utakaokusumbua mwishoni. Platini zitoe, weka mfumo wa elektroniki ndani ya distribyuta. Cheche za platini na waya za plagi za zamani zinaichanganya kontroli boksi mpaka inamisi bila sababu. Tumia plagi na waya zenye rezista, na waya wa kontroli boksi upite mbali na koili. Chanya na athi zake zitoke moja kwa moja kwenye betri, zisiunganishwe njiani na taa wala redio. Pampu pekee inaweza kula ampea 5 hadi 8, kwa hiyo kama altaneta ni ile iliyokuja na gari, mpe fundi umeme aipime ikiwa na taa kubwa zimewashwa.

Kuhusu 1HZ, ni injini nzuri na sitaisema vibaya. Lakini utahitaji hauzingi ya klachi, mfumo wa dizeli kuanzia tangi, na kurekebisha namba ya injini kwenye kadi. Siku ukitaka injini nyingine kabisa ya petroli, tafuta 3F-E, ile ya lita 4.0 ambayo Toyota waliifunga EFI kiwandani na kuiweka kwenye FJ62 kuanzia 1988. Ni ndugu wa 2F, inakaa kwenye hauzingi ileile. Ila usinunue manifodi yake peke yake ukidhani utaibandika kwenye kichwa cha 2F, haikai.

Ningekuwa wewe ningeanza na tangi, mipira, eksozi na distribyuta, huku kabureta ikiwa bado juu. Mwambie fundi apunguze jeti kuu kwa namba moja au mbili kwa ajili ya Njombe. Tembea nayo msimu mmoja wa viazi. Hakuna hata shilingi moja hapo itakayopotea, kwa sababu kazi hiyo yote EFI itaihitaji. Ukiona bado inakusumbua kilimani, agiza kifaa, na kabureta ya mzee isafishe uiweke kwenye boksi, usiiuze.

SWALI: Fundi, salamu kutoka Kilifi. Nina Suzuki Sierra 1.3, kabureta. Nataka EFI ya bei nafuu. Nimepata mtu anauza nozeli na throto za Suzuki Escudo. Ninunue? – Msomaji, Kilifi.

JIBU: Usinunue, ndugu yangu. Injini yako ni G13A, valvu 8. Suzuki walikuja kuipa Samurai, yaani Sierra ya soko la Marekani, nozeli moja iliyokaa juu ya throto, lakini vifaa hivyo huku havionekani. Vipande vya Escudo bila kontroli boksi yake, waya zake zote na sensa zake ni vyuma tu. Kama mtu huyo ana Escudo iliyogongwa, yenye injini ya G16A ya lita 1.6, nunua injini nzima na kila waya unaoigusa, bila kukata hata mmoja, na umwombe aiwashe mbele yako kabla hajaishusha. Wenye Sierra wengi wamepita njia hiyo na wameridhika.

Na kwa kuwa uko baharini: athi. Kwangua rangi mpaka chuma king’ae pale waya wa athi unapofungwa kwenye injini na kwenye bodi, funga, halafu paka grisi juu yake. Rudia kila baada ya miezi sita. Chumvi ya Kilifi inakula athi polepole, na dalili yake ya kwanza ni gari kukosa sailensi asubuhi tu, mchana likawa zima.