Jibu: Maonyesho ya chumba kitupu
Mkuu, umeuliza kama kweli kuna Mfaransa aliyeonyesha chumba kitupu na watu wakafurika. Kweli kabisa. Ni msanii Yves Klein, Aprili 1958, kwenye galari (ukumbi wa maonyesho ya sanaa) ya Iris Clert, Paris. Alihamisha vitu, akabakiza kabati la vioo lisilo na kitu, kisha akapaka kuta nyeupe mwenyewe. Mlangoni pazia la buluu, na askari wa Jamhuri wamevaa sare za gwaride utadhani anakuja rais! Wageni wakanyweshwa kokteli ya buluu. Baadaye wakienda haja ndogo, mkojo nao buluu. Hapo ndipo nilipomkubali. Mwaka 1960 rafiki yake, msanii Arman, akaijaza galari ileile takataka, watu wakabaki kuchungulia dirishani.