Kabla hujahamia Mbalizi, panda gari la saa 11:30 alfajiri

Juzi nimepokea ujumbe wa kaka mmoja anayesoma ninayoyaandika. Amepanga Ilomba, ana mke na watoto wawili, anafanya kazi katikati ya jiji la Mbeya. Mwenye nyumba amempandishia kodi na anaitaka ya miezi 6 kwa mkupuo. Akaniuliza, "Dada, wewe ulihamia Mbalizi, huko nje ya jiji, na sasa uko kwako. Na mimi nihame?"

Ujumbe huo nimekaa nao siku tatu. Wiki hiyohiyo fundi alikuwa amepigilia bati la mwisho kwenye chumba cha watoto, na furaha niliyokuwa nayo ingetosha kunifanya nimjibu kwa neno moja tu: hama. Kilichonizuia ni funguo tatu. Naomba niwasimulie habari ya hizo funguo, maana jibu langu limo humo.

Mwaka 2018 nilikuwa nasimamia duka la vitenge vya jumla pale Mwanjelwa. Bosi alikuwa amenikabidhi funguo za duka, mbili za makufuli ya mlango wa chuma na moja ya droo ya fedha, zimefungwa pamoja kwa kipande cha kitenge cha kijani. Kufikia mwaka huo mimi ndiye niliyekuwa nafungua kwa miaka 6. Saa 1:30 asubuhi makufuli yako chini, kwa sababu wateja wa jumla wa Kyela na Chunya hufika mapema ili wawahi kurudi na mzigo. Nilikuwa naishi Ilomba, kama huyu kaka. Siku nisiyokuwa na nauli nilikwenda kwa miguu na bado nikafika kabla ya mteja wa kwanza. Zile funguo nilikuwa nalala nazo chini ya mto.

Kiwanja tulikuwa tumekinunua Mbalizi tangu 2016, mita 20 kwa 25, na tukawa tunajenga kidogokidogo kama tunavyojenga wote. Mnajua wenyewe. Mwezi huu tofali, mwezi ujao mchanga, mwezi unaofuata ada ya mtoto inameza kila kitu. Januari 2019 tulihamia nyumba ikiwa na vyumba viwili tu vyenye bati, madirisha tumeyaziba kwa turubai, sakafu bado udongo. Kodi ya Ilomba ilikuwa 80,000 kwa mwezi. Nilikuwa nailaza ile 960,000 ya mwaka kichwani usiku na kuiona imeshageuka saruji.

Nauli niliipigia hesabu mpaka ya watoto. Muda sikuupigia. Kutoka Mwanjelwa hadi Mbalizi hazifiki kilomita 15, na kila Jumapili mchana tulipokwenda kuangalia ujenzi gari lilitumia kama nusu saa. Nikahama nikiwa na hiyo nusu saa ya Jumapili kichwani.

Sasa nieleze barabara yenyewe, hasa kwa wale wanaotaka kuja kutoka mbali na hawaijui. Kati ya Mbalizi na jiji watu wote tunaitegemea njia moja, barabara kuu ya TANZAM. Ndiyo hiyohiyo inayobeba malori yanayokwenda Tunduma, Zambia na Kongo, na yanayorudi na shaba kuelekea bandarini Dar es Salaam. Daladala yako, bajaji, bodaboda ya mwanafunzi na lori lenye tela vinapanga foleni moja. Na katikati upo mlima wa Iwambi. Lori lenye mzigo likipanda linatambaa, likishuka breki zinanuka, na likiharibika palepale kwenye kona, jiji na Mbalizi vimetenganishwa. Reli ya TAZARA ipo, inapita huku kwetu, ila hakuna treni ya kukupeleka kazini asubuhi.

Mbalizi pia si kitongoji kilicholala. Ni njia panda. Huku wanashuka watu wa Umalila na viazi vyao, kule inatoka barabara ya Mkwajuni na Makongolosi kwenye dhahabu. Kwa hiyo saa 11:30 alfajiri pale kituoni hamko wafanyakazi peke yenu. Yuko mama wa viazi, yuko kijana wa kuku kwenye tenga, wako wanafunzi ambao konda anawapita kwa sababu nauli yao ni ndogo. Gari linafika limeshajaa. Unasimama mguu mmoja mlangoni, mkono umeshika bomba la juu, na baridi ya Juni inakuingia mpaka kwenye mbavu.

Asubuhi moja ya Machi, mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Tulipofika chini ya Iwambi tukaona matawi ya miti yamelazwa barabarani, moja, halafu jingine, halafu jingine. Sisi tunaosafiri tunajua maana yake: mbele kuna gari limekufa. Lori lilikuwa limelalia njia zote mbili. Utingo alikuwa ameshasukumia mawe nyuma ya matairi, na dereva amechuchumaa kando ya gurudumu anachochea jiko la mkaa, sufuria ya ugali iko juu. Nilipoliona lile sufuria nikajua hapa si pa kungoja. Mtu hapiki ugali kama anategemea kuondoka. Nikavua viatu, nikavishika mkononi, nikaupanda ule mlima kwa miguu na wenzangu kadhaa, tope mpaka kwenye vifundo. Juu tukapata bajaji.

Nilifika dukani saa 3:40. Wateja wawili wa Kyela walikuwa wamekaa kwenye kizingiti tangu saa 1, wakachoka, wakanunua duka la jirani. Ilikuwa mara yangu ya tatu mwezi ule. Bosi hakunigombeza. Alinyoosha kiganja juu ya kaunta akasema, "Mama Neema, naomba funguo." Nikazitoa kwenye sidiria nilikozifunga. Akamkabidhi binti wa miaka 22 niliyemfundisha mimi mwenyewe kupima kitenge, kwa sababu binti alikuwa anakaa Mabatini na Mabatini ni hapo tu.

Nilibaki miezi minne nikiwa muuzaji wa kawaida, mshahara umepungua, kisha nikaondoka. Mwenzangu mmoja wa kikoba alisema mbele ya watu kwamba nimejenga nyumba porini na nimepoteza kazi mjini. Nimemsamehe, lakini maneno yale bado nayasikia. Na hadi leo nikipita mbele ya lile duka macho yangu yanakwenda kwenye makufuli kwanza.

Miaka miwili iliyofuata naiacha, ilikuwa ya kubangaiza. Ninachotaka mjue ni kwamba leo nina fremu yangu hapahapa Mbalizi, nauza vitenge na mashuka, na wateja wangu wakubwa ni akina mama wa Umalila wanaoshuka na viazi na kurudi na kitenge. Nafungua mwenyewe. Nina funguo zangu, na nimezifunga kwa kitenge cha kijani, makusudi kabisa. Kutoka nyumbani hadi dukani ni dakika 12 kwa miguu. Maisha ya Mbalizi yalinikubali siku ile nilipoacha kuupanda mlima wa Iwambi kila asubuhi.

Ndiyo maana nakwambia, kaka yangu: usimuulize dalali kama uhame. Muulize bosi wako. Kazi yako inavumilia kuchelewa mara ngapi kwa mwezi? Kama wewe ndiye unayefungua mlango, unayepiga kengele, unayepokea zamu ya usiku kutoka kwa muuguzi mwenzako, basi nyumba nzuri ya Mbalizi itakugombanisha na mkate wako. Kama kazi yako ni ya ufundi, ya biashara unayoweza kuibeba, au ofisi inayoangalia kazi iliyokwisha na haiangalii daftari la mahudhurio, hapo tunaweza kuzungumza.

Na kabla ya kununua chochote, panda lile gari la saa 11:30. Usipande siku moja. Panda siku tano mfululizo, Jumatatu hadi Ijumaa, na iwe msimu wa mvua, kati ya Novemba na Aprili, usije Agosti barabara imekauka ukarudi unasifia. Andika saa uliyotoka na saa uliyofika. Siku mbaya kuliko zote katika hizo tano ndiyo uifanye safari yako ya kawaida.

Madalali siku hizi wana wimbo mmoja, barabara ya njia nne. Ni kweli, mradi upo, kilomita 29 kutoka Nsalaga hadi Ifisi, na ukikamilika mimi nitakuwa wa kwanza kushukuru. Lakini usinunue kiwanja leo kwa mwendo wa gari la kesho. Tena ukiambiwa kiwanja "kinagusa lami", shuka upime. Hifadhi ya barabara kuu zamani ilikuwa mita 22.5 kila upande kutoka katikati. Sheria ya Barabara ya 2007 iliifanya mita 30. Nyumba zilizopigwa X nyekundu na X ya kijani mmeziona, na mnajua nyekundu haina fidia. Beba futi ya fundi, pima mwenyewe, mchana kweupe.

Umeme nao uulizie mapema. Mimi niliwahi, nikalipa 27,000 ya kuunganishiwa mwaka 2021. Januari 2022 bei ya mjini ikarudi 320,960 kwa nyumba iliyo ndani ya mita 30 kutoka kwenye nguzo, na 27,000 ikabaki ya vijijini. Viwanja viwili vinavyotazamana hapa vinaweza kuwa pande mbili tofauti za huo mstari wa mjini na kijijini. Ni simu moja tu, lakini watu hawaipigi. Kuhusu karatasi za ardhi nitaandika siku nyingine. Kwa leo itoshe kusema kwamba kiwanja kilichopimwa na ambacho hakijapimwa havifanani hata kama vina majani yaleyale, na pesa ya wakili isikuume.

Sasa niseme na akina baba, na mniwie radhi. Wapo wanaonunua kiwanja kimyakimya, wanajenga, halafu wanamwambia mke Ijumaa kwamba Jumamosi lori linakuja. Wewe unayepanga hivyo, nani ataamka saa 10 alfajiri kuchemsha maji ya kuoga? Nani atamvalisha sweta mtoto wa darasa la pili anayesinzia amesimama, ili akasome shule ya mjini kwa sababu hukutaka kumhamisha? Mimi nilimfanyia hivyo Neema muhula mmoja mzima. Siku moja konda alimshusha akiwa amelala, akaniletea kituoni mikononi kama mzigo, begi limening'inia shingoni. Niliona aibu mbele ya Mungu. Siku unayohama nyumba, mtoto ahame shule siku hiyohiyo, na kama shule za huko hazikuridhishi, usihame. Usimfanye mtoto alipe kodi uliyoikimbia.

Na sisi akina mama tuache kuhama kwa sababu ya maneno. Kuitwa mpangaji si tusi. Kaa kwenye chumba chako kimoja cha Ilomba, ulinde kazi yako, ujenge polepole huko huko mbali, uhamie siku ambayo kazi na nyumba vimepatana. Mimi nilitanguliza nyumba. Nimefika, namshukuru Mungu, lakini yule binti wa Mabatini leo ndiye meneja wa maduka mawili, na kiti kile kilikuwa changu.

Mbalizi naipenda. Kuna joto kidogo kuliko Mbeya mjini, nyanya zinaiva haraka, na jioni ukisimama nyuma ya nyumba yangu unauona mlima Mbeya mzima bila ukuta wa jirani kuukata. Watu wa huku wanakusalimu mpaka wamalize salamu. Sitaki mtu asome haya akadhani namfukuza.

Kaka, njoo Jumapili jioni na mkeo, usije peke yako. Mume wangu atawapokea kituoni. Chumba chenye bati jipya kiko wazi, watoto watalala sebuleni siku hiyo. Mkeo apande gari pamoja nawe Jumatatu asubuhi, aende mpaka mjini na arudi, ndipo mkae chini mzungumze. Mje na makoti, na viatu ambavyo mkivivua vikiwa na tope havitawauma. Saa 10:45 nitawagongea mlango.